Busu na Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yananijia kila mara: kutoka kwa vijana wanaouliza kwa haya, kutoka kwa wazazi wenye watoto wachanga, na kutoka kwa watu waliooana miaka mingi wanaotaka kujua kwa nini moyo bado huwadunda. Nimeanza na mambo ya msingi na kumalizia na yale yanayompata mmoja kati ya wengi. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia. Humu ndani "busu" ni lile la midomo kwa midomo baina ya wapenzi, isipokuwa nikisema vinginevyo.

## Midomo, misuli na mishipa ya fahamu

Kwa nini midomo huhisi kuliko ngozi nyingine?

Kwanza ni wembamba wake. Ngozi ya uso hufikia tabaka 16 za seli. Ya midomo, yaani ile sehemu laini yenye rangi yake, ina tabaka 3 hadi 5 tu. Haina vinyweleo wala tezi za jasho. Ndiyo maana wekundu wa damu huonekana kwa chini, na ndiyo maana midomo hukauka na kupasuka mapema kuliko mashavu. Chini ya ngozi hiyo zimesongamana ncha za mishipa ya fahamu: nyingine hupokea mguso mwepesi, nyingine mgandamizo, nyingine joto, nyingine maumivu.

Pili, na kwangu hili ndilo la ajabu zaidi, ni nafasi ambayo midomo imepewa kwenye ubongo. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya kazi yao ya upasuaji wa ubongo huko Montreal, Kanada. Wagonjwa walikuwa macho. Daktari aligusa sehemu moja ya ubongo kwa umeme hafifu, mgonjwa akasema anahisi kitu kidoleni. Akagusa nyingine, mgonjwa akasema ni ulimini au mdomoni. Walipoiunganisha ramani hiyo, ilionekana kwamba midomo, ulimi na vidole vimejitwalia eneo kubwa mno, ilhali mgongo mzima umebanwa mahali padogo. Ukimchora mtu kwa vipimo vya ramani ile, atakuwa na midomo minene na viganja vikubwa kuliko kifua chake.

Kwa hiyo midomo miwili inapokutana, ubongo haupokei habari ya "nimeguswa" tu. Unapokea joto, unyevu, ulaini, nguvu ya mgandamizo, kusita na kuitika, vyote kwa wakati mmoja. Majibu mengi yanayofuata hapa chini yanaanzia kwenye usomaji huu.

Busu hutumia misuli mingapi?

Utakutana na namba nyingi zinazopishana, na kupishana huko kuna sababu: inategemea unahesabu busu gani. Busu jepesi hutegemea zaidi msuli mmoja wa mviringo unaouzunguka mdomo kama uzi wa mfuko unaofungwa kwa kuvutwa. Ndio msuli uleule unaotumika kupiga mluzi, na ndio mtoto mchanga anaoutumia kubana chuchu anaponyonya. Tamka neno "busu" polepole na utausikia ukifanya kazi: midomo inabana kwenye "b", kisha inachongoka mara mbili kwenye "u".

Busu la ulimi, ambalo wengi hulijua kwa jina la denda, huongeza misuli ya ulimi, ambayo iko jozi nane, ya taya na ya mashavu. Ukiongeza ya shingo na mgongo inayoshikilia kichwa kikiwa kimeinama, hesabu inapanda haraka. Mimi sioni faida ya kuitafuta namba moja.

Ni mishipa gani ya fahamu inayohusika?

Kuna jozi 12 za mishipa inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na busu huamsha kadhaa kwa mpigo. Wa tano hubeba hisia za midomo na uso. Wa saba huisogeza midomo. Wa kumi na mbili huuongoza ulimi. Wa kwanza huleta harufu. Wa saba na wa tisa hushirikiana kupeleka ladha kwenye ubongo na kuziamuru tezi zitoe mate. Wa kumi hushuka hadi kwenye moyo na tumbo, na tutakutana nao tena kwenye swali la moyo kudunda.

Kwa nini tunafumba macho?

Jicho haliwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu namna ile; uso wa mwenzako unakuwa ukungu. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni mgawanyo wa umakini. Mwaka 2016 Polly Dalton na Sandra Murphy wa Royal Holloway, Uingereza, waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi kwenye skrini huku wakisikilizia mtetemo mdogo mkononi. Kazi ya macho ilipokuwa ngumu, watu walikosa kuutambua mtetemo mara nyingi zaidi. Jaribio hilo halikuhusu busu, ila linaeleza jambo ambalo kila aliyebusu analijua: macho yakipumzika, mguso unapata nafasi.

Kwa nini vichwa huinamia kulia?

Mtafiti Mjerumani Onur Güntürkün aliwatazama wapenzi 124 wakibusiana kwenye viwanja vya ndege, stesheni za treni, fukwe na bustani za Marekani, Ujerumani na Uturuki. Alipochapisha matokeo mwaka 2003, asilimia 64.5 walikuwa wamegeuzia kichwa kulia. Aliunganisha jambo hilo na tabia ya watoto wachanga, ambao wengi hupendelea kugeuza kichwa kulia tangu wiki za mwisho tumboni. Anayeelekea kushoto hana kasoro yoyote.

## Ubongo, homoni na moyo

Ni kemikali gani zinazotoka mwilini wakati wa busu?

Tano hutajwa sana. Dopamini hufanya kazi kwenye njia za ubongo zinazohusika na hamu na matarajio. Ndiyo inayokufanya utake tena. Adrenalini huchangamsha moyo na mapafu. Endofini hupunguza maumivu na kuleta utulivu. Oksitosini, ile inayofanya kazi pia wakati wa kujifungua na kunyonyesha, huhusishwa na kuaminiana na kushikamana. Kotisoli, homoni ya msongo, kwa kawaida huenda kinyume: mtu anapotulia, hushuka.

Nawaomba wasomaji wasiishie kwenye maelezo mepesi kwamba "oksitosini ndiyo homoni ya mapenzi, busu huitoa, basi." Mwaka 2009 Wendy Hill wa Lafayette College, Marekani, alieleza jaribio alilofanya na wanafunzi waliokuwa wapenzi, jozi 15. Baadhi walibusiana, wengine walishikana mikono na kuzungumza. Kotisoli ilishuka kwa wanaume na kwa wanawake. Oksitosini ilipanda kwa wanaume peke yao. Kwa wanawake ilishuka. Hill alishuku mazingira: jaribio lilifanyika kwenye kituo cha afya cha wanafunzi, mahali pasipo na mvuto wowote wa mapenzi.

Kwangu somo la jaribio lile ni kubwa kuliko matokeo yake. Homoni hazijibu midomo pekee. Zinajibu mahali, mtu, historia na usalama. Mguso uleule wa mdomo, ukifanywa na daktari wa meno mwenye glavu, hauamshi lolote kati ya haya.

Kwa nini moyo hudunda, mikono hutoka jasho na tumbo huhisi kama lina kitu kinachorukaruka?

Mfumo wa fahamu unaojiendesha wenyewe una pande mbili: upande wa kuchochea na upande wa kutuliza. Busu unalolitamani, hasa la kwanza na mtu mpya, huamsha upande wa kuchochea. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa za haraka, mboni za macho zinatanuka, viganja vinatoa jasho. Damu hupunguzwa kwenye tumbo na utumbo ili misuli ipate zaidi, na hapo ndipo ile hali ya tumbo inapotokea.

Kadiri busu linavyoendelea na hofu inavyopungua, upande wa kutuliza hurudi kwa njia ya ule mshipa wa kumi. Pumzi zinashuka, mabega yanalegea. Wapenzi wa muda mrefu mara nyingi hufika hapa moja kwa moja, bila kupitia dhoruba ya mwanzo. Watu wengi huniuliza kwa wasiwasi kama utulivu huo ni dalili kwamba mapenzi yamepoa. Hapana. Mwili umemzoea mtu na umeacha kumwogopa.

Kwa nini busu la kwanza halisahauliki?

Adrenalini na jamaa yake noradrenalini husaidia ubongo kuimarisha kumbukumbu ya tukio lenye hisia kali. Sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo kama lozi, inayoshughulika na hisia, huiambia sehemu ya kumbukumbu iliyo jirani yake: hili lishike. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau alikula nini wiki iliyopita lakini akakumbuka nguo aliyovaa siku ile, taa iliyokuwa ikiwaka na harufu iliyokuwapo. Kipimo ni ukali wa hisia, si uzuri wa busu. Hata busu la aibu hukaa kichwani kwa njia hiyohiyo.

Je, kubusiana kunapunguza msongo kweli?

Kuna ushahidi, na unatia moyo. Mwaka 2009 Kory Floyd wa Arizona State University na wenzake walichapisha jaribio la wiki 6 lililohusu watu wazima 52 walioishi na wenzi wao. Nusu waliambiwa waongeze kubusiana, nusu hawakupewa agizo hilo. Walioongeza mabusu walisema msongo umepungua na uhusiano unawaridhisha zaidi, na hata lehemu (kolesteroli) kwenye damu yao ilishuka. Jaribio lilikuwa dogo, na mtu asiache dawa zake kwa ajili ya jibu hili. Ila agizo lenyewe halina gharama, na sijasikia mtu akilalamikia madhara yake.

Nimebusiana na mtu ninayempenda na sikuhisi chochote. Nina tatizo?

Swali hili hunigusa kila ninapolipata, kwa sababu anayeuliza huwa ameshajihukumu. Uchovu, hofu, mafua yanayoziba pua, baadhi ya dawa, kukosa usingizi, au kuwa mahali usipojisikia salama: kimoja tu kinatosha kuuzima mwitikio. Wapo pia watu wasiopenda mguso wa mdomo hata kidogo, na wapo wasio na mvuto wa kimapenzi kwa mtu yeyote. Nao ni wazima. Na kuna busu linalosema ukweli: Gordon Gallup na wenzake wa University at Albany waligundua kwamba zaidi ya nusu ya wanaume na wanawake waliowauliza waliwahi kumtamani mtu, kisha hamu ikaisha baada ya kumbusu mara ya kwanza.

Kama hisia zimepotea mdomoni kabisa, hata kwa chai ya moto au mswaki, hilo ni jambo la daktari. Tazama pia swali la mwisho kuhusu ganzi.

## Mate, bakteria na harufu

Ni nini hasa tunachopeana?

Mate, na vilivyomo ndani ya mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na karibu asilimia 99 ni maji. Kinachobaki kidogo kina kazi nyingi: kimeng'enya kinachoanza kumeng'enya wanga, protini zinazoua bakteria, kingamwili, chumvichumvi, chembe za homoni, na seli zilizobanduka kwenye kinywa. Humo pia wamo wakazi wenyewe wa kinywa. Aina zaidi ya 700 za bakteria zimetambuliwa vinywani mwa watu.

Ni kweli busu moja hubeba bakteria milioni 80?

Namba hiyo ina chanzo halali. Mwaka 2014 Remco Kort na wenzake waliwapima wapenzi wa jozi 21 huko Amsterdam, Uholanzi. Mmoja alikunywa maziwa ya mgando yenye bakteria wanaotambulika kwa urahisi, kisha wakabusiana kwa ulimi kwa sekunde 10. Walipopima mate ya mwenzake, wastani wa waliohama ulikuwa milioni 80. Kumbuka kwamba ni busu la ulimi na ni wastani. Busu la midomo iliyofungwa halifiki huko.

Kuna jambo zuri zaidi ndani ya utafiti uleule ambalo watu hulipita. Wapenzi waliobusiana angalau mara 9 kwa siku walikuwa na bakteria wa mate wanaofanana. Wale wa kwenye ulimi walifanana hata kwa wasiobusiana sana, pengine kwa sababu ya kuishi na kula pamoja. Na kwenye hesabu ya mabusu, wanaume walitaja wastani wa 10 kwa siku, wanawake 5, ingawa walikuwa wakibusiana wao kwa wao.

Basi si hatari?

Kwa mtu mwenye afya, hapana. Wengi wa bakteria hao wanapita tu. Wanakuta kinywa cha mwenzako kina wenyeji walioshikilia kila pembe, na mate yanawasomba kwenda tumboni ambako asidi inawamaliza. Magonjwa machache yanayostahili tahadhari nimeyaeleza kwenye sehemu ya magonjwa.

Ni kweli mwili humchagua mpenzi kwa harufu?

Wakati wa busu pua zenu zinakaribiana kuliko wakati mwingine wowote, hivyo wazo hili lina mantiki. Mwaka 1995 Claus Wedekind na wenzake huko Bern, Uswisi, waliwapa wanaume 44 fulana za kulalia usiku mara mbili, kisha wanawake 49 wakazinusa. Kwa jumla wanawake walizipenda zaidi fulana za wanaume ambao jeni zao za kinga ya mwili zilitofautiana na zao. Waliokuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango walielekea upande wa pili.

Tafiti zilizofuata zimepishana: nyingine ziliunga mkono, nyingine hazikuona kitu. Mimi nashauri mtu asiifanye pua yake kuwa hakimu wa ndoa. Kwamba harufu ya mtu huongeza au huua mvuto, hilo halina ubishi.

Nifanye nini kuhusu harufu mbaya ya kinywa?

Harufu hiyo mara nyingi hutokana na gesi zenye salfa zinazotolewa na bakteria wanaoishi pasipo hewa nyingi, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi na chini ya fizi. Safisha ulimi, si meno tu. Pitisha uzi katikati ya meno. Kunywa maji, kwa sababu kinywa kikavu hunuka haraka; ndiyo maana pumzi ya asubuhi ni nzito, kwani usiku mate hupungua sana. Harufu isiyoondoka kwa usafi inaweza kuwa ugonjwa wa fizi, jino bovu, au tatizo la tonsili au pua. Dawa ya kusukutua mara nyingi huficha tu. Daktari wa meno ndiye anayejua pa kutazama.

Meno yanaweza kuoza kwa sababu ya kubusiana?

Bakteria wanaosababisha meno kuoza huhama kwa mate, ndiyo. Lakini kuoza kunahitaji sukari ya mara kwa mara na uchafu uliokaa juu ya jino. Mtu anayepiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi ana sababu ndogo ya kuogopa mdomo wa mpenzi wake.

## Magonjwa na hofu

VVU huambukizwa kwa busu?

Mate hayaambukizi VVU. Busu la midomo iliyofungwa halina hatari yoyote. Kwa busu la mdomo wazi, maambukizi yaliyowahi kuripotiwa ni nadra mno, na njia ilikuwa damu: watu wote wawili walikuwa na vidonda au fizi zinazotoka damu.

Mtu anaweza kupata mimba kwa kubusiana?

Hapana. Mimba huhitaji mbegu ya kiume ikutane na yai, na hakuna njia ya kutoka kinywani kwenda kwenye mfuko wa uzazi.

Ni magonjwa gani basi yanayoambukizwa?

La kawaida kabisa ni mafua, pamoja na homa ya mafua makali na UVIKO-19, ingawa hayo hukupata hata kwa kukaa karibu tu na mgonjwa.

Kuna virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huenea hasa kwa mate. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo, wengi wakiwa wamevipata utotoni bila dalili. Anayevipata akiwa kijana anaweza kuugua homa, koo kali, matezi ya shingo na uchovu wa wiki kadhaa. Dalili huchukua wiki 4 hadi 6 kujitokeza, kwa hiyo mgonjwa hulaumu busu lisilohusika. Bandama huweza kuvimba, na ndiyo sababu madaktari humzuia mgonjwa asicheze michezo ya kugongana.

Kaswende huweza kupita kama kuna kidonda mdomoni. Bakteria wa aina moja ya homa ya uti wa mgongo hukaa kooni hata kwa watu wenye afya kabisa; kwa vijana, kubusiana kwa ulimi na watu wengi huongeza uwezekano wa kuambukizwa. Ugonjwa huo ni nadra, ila ni mkali, na una chanjo.

Mpenzi wangu hutoka malengelenge mdomoni. Nimwache?

Usimwache mtu kwa hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, walikuwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza. Huenda unavyo tayari. Virusi hulala kwenye mishipa ya fahamu ya uso na huamka wakati wa homa, jua kali au msongo.

Acheni kubusiana tangu midomo inapoanza kuwasha hadi kigaga kidondoke na ngozi ipone. Virusi vinaweza kutoka hata bila kidonda, kwa hiyo tahadhari hiyo hupunguza hatari bila kuifuta. Kama malengelenge hurudi mara nyingi, kuna dawa za kuyapunguza.

Naweza kumbusu mtoto mchanga?

Hapa naomba nieleweke vizuri, ingawa si busu la wapenzi. Mtu yeyote mwenye lengelenge mdomoni, awe mama, baba au bibi, asimbusu mtoto mchanga, hasa katika mwezi wa kwanza. Hepesi ambayo kwa mtu mzima ni kero ya siku kumi, kwa mtoto huyo inaweza kufika kwenye ubongo na ini na kumuua. Mgeni asiye na kidonda pia anafanya vema kuiacha midomo na mikono ya mtoto. Mzazi akisema "naomba usimbusu," asionekane ana maringo.

Kwa mama mjamzito kuna upande wa pili: mate ya watoto wadogo hubeba virusi vya saitomegalo, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mbusu mwanao kwenye paji la uso au nywele badala ya mdomo.

## Chimbuko la busu

Binadamu wote hubusiana?

La. William Jankowiak na wenzake walichunguza jamii 168 na kuchapisha matokeo mwaka 2015: busu la kimapenzi la mdomo lilikuwapo kwenye asilimia 46 tu. Jamii nyingine huonyeshana mapenzi kwa kunusana, kugusana pua au kukumbatiana. Maandishi ya zamani tuliyonayo kuhusu busu yanatoka Mesopotamia, karibu miaka 4,500 iliyopita.

Wanyama nao hubusu?

Sokwe hukutanisha midomo baada ya ugomvi, na bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, hutumia hata ulimi. Mwaka 2024 Adriano Lameira alipendekeza kwamba busu ni mabaki ya usafi: nyani anayemtoa mwenzake chawa humaliza kwa kunyonya ngozi kwa midomo, na mababu zetu walipopoteza manyoya, kilichobaki ni lile tendo la mwisho. Mwaka uliofuata Matilda Brindle wa Oxford na wenzake walikadiria kwamba busu lilianza kwa mababu wa nyani wakubwa kati ya miaka milioni 21.5 na 16.9 iliyopita. Kwa hiyo mwili umejua kubusu muda mrefu kuliko umejua kusema.

## Yasiyo ya kawaida

Nina aleji ya karanga. Mpenzi wangu akila, anaweza kunidhuru?

Ndiyo, na hili lichukuliwe kwa uzito wote. Protini ya karanga hubaki kwenye mate baada ya kula, na kupiga mswaki peke yake hakutoshi kuiondoa kwa uhakika. Kinachosaidia zaidi ni mwenzako kusubiri saa kadhaa na kula mlo mwingine usio na karanga. Imewahi kuripotiwa aleji hata kwa dawa za jamii ya penisilini zilizopita kwa busu. Mweleze mwenzako kabla, na sindano yako ya adrenalini iwe karibu.

Nimesikia busu hutibu aleji. Ni kweli?

Mwaka 2003 daktari Mjapani Hajime Kimata aliripoti kwamba wagonjwa wa aleji ya vumbi na chavua waliobusiana na wenzi wao kwa dakika 30, wakisikiliza muziki laini, walipata vipele vidogo zaidi walipopimwa kwenye ngozi. Ni matokeo ya kuvutia yanayoendana na yale ya kupungua kwa msongo. Matibabu siyo, na hayamhusu mtu wa swali lililotangulia.

Alama ya kunyonywa shingoni ni nini?

Ni vilio la damu. Mnyonyo hupasua vishipa vidogo, damu inavuja chini ya ngozi, kisha hubadilika rangi kwa siku kadhaa kadiri mwili unavyoivunjavunja. Kitambaa cha baridi mapema hupunguza uvimbe. Shingoni hupita mshipa mkuu wa damu ya ubongo, na zipo ripoti chache sana za damu kuganda hapo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo pole pole.

Busu la sikio linaweza kuharibu usikivu?

Linaweza. Levi Reiter wa Hofstra University, New York, ameeleza wagonjwa waliopoteza sehemu ya usikivu au kubaki na mlio baada ya busu la kunyonya kwenye tundu la sikio. Mnyonyo huvuta kiwambo cha sikio pamoja na vijifupa vilivyoungana nacho. Watoto wachanga wako hatarini zaidi. Busu ndewe au shavu.

Ndevu za mwenzangu zinanichubua. Nifanyeje?

Vinyweleo vifupi vya siku mbili tatu ndivyo vikali zaidi, vikirefuka hulainika. Mwenzako apake mafuta, nawe paka kitu kisicho na harufu kali. Ukiona usaha au malengelenge, si mchubuko tena.

Nimetoka kung'oa jino. Nibusiane lini, na mbona sihisi midomo?

Ganzi huzima mishipa ya fahamu iliyo karibu na pale sindano ilipoingia, kwa hiyo mdomo unaweza kukaa saa kadhaa ukisogea bila kupeleka habari ubongoni. Utagusa na hutajua kwamba umegusa. Hata kujing'ata ni rahisi. Subiri ganzi iishe kabisa. Baada ya hapo busu la midomo iliyofungwa halina shida, ila la ulimi liache kwa siku kadhaa. Mnyonyo unaweza kulitoa bonge la damu linaloziba tundu la jino, na maumivu ya tundu lililo wazi ni makali. Kama ganzi ingalipo kesho yake, rudi kwa daktari aliyekung'oa.